Mkaa Ulioiva

Babu yangu alichoma mkaa Kisarawe kwa zaidi ya miaka ishirini na hakuwahi kushika kipimajoto. Alisoma moshi. Siku za mwanzo, tanuri likitoa moshi mweupe mzito, alisema magogo yanatoka jasho. Moshi ukigeuka manjano na kuanza kuwasha macho, alijua kuni zenyewe zimeanza kuvunjika, akakaa karibu na koleo lake, usiku na mchana, akiziba kila ufa uliojitokeza kwenye udongo. Moshi ukishakuwa mwembamba wa buluu alifukia matundu yote, akasubiri. Siku ya kuchimbua aliokota vipande viwili vya mkaa akavigonganisha. Vikilia kama vigae, mkaa umeiva.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya kemia, na kazi ninayoifanya ni ileile ya babu, ila kwa gramu. Tanuru langu ni la umeme, linakaa juu ya meza, na kila mara linapokea gramu 20 za pumba za mpunga ndani ya kikombe cha kauri chenye mfuniko. Ninachotengeneza kinaitwa bayocha: mkaa usiokusudiwa jiko, unaochomwa ili ufukiwe shambani. Nilichagua pumba kwa sababu hakuna mti unaokatwa kwa ajili yake. Ukifika kwenye mashine za kukoboa mpunga za Ifakara utayakuta marundo yake yamesimama kama vichuguu. Sehemu huchukuliwa na wachoma matofali, na nyingine huishia kuwashwa moto na kufukuta siku nzima pasipo faida kwa yeyote. Mkaa wa shambani unaotokana na msitu uliofyekwa siuoni kuwa na maana. Unaponya udongo huku na kuujeruhi kule.

Asubuhi napima pumba, nafungua mtungi wa gesi ya nitrojeni ili kuifukuza hewa, kisha naliagiza tanuru lipande nyuzi 10 kila dakika. Kuanzia hapo moshi wa babu unapita mbele yangu kwa mpangilio uleule. Karibu na nyuzi 100 za Sentigredi maji yanaondoka. Huo ndio moshi mweupe. Kati ya nyuzi 200 na 315 hivi inavunjika hemiselulosi, na selulosi inafuata mpaka karibu na 400. Hapo ndipo hutoka ule moshi wa manjano, uliobeba lami pamoja na asidi ya asetiki, asidi ileile iliyomo kwenye siki. Haishangazi kwamba macho ya babu yalikuwa mekundu daima. Lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, haina haraka. Huanza kuachia mapema na huendelea kuvunjika polepole hata baada ya nyuzi 800. Kinachobaki ni kaboni iliyojipanga katika pete za atomi sita sita, pete zikashikana na kuwa vibati vidogo mno. Kadiri vibati hivyo vinavyokua na kubanana ndivyo mkaa unavyokuwa mgumu, na ndivyo unavyolia ukigongwa.

Pete hizo ndizo sababu ya dunia kuujali mkaa huu. Pumba likiozea shambani, sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi angani ndani ya miaka michache. Likigeuzwa mkaa ulioiva, vijidudu vya udongo hushindwa kuzivunja pete zake, na kaboni hiyo inaweza kukaa ardhini mamia ya miaka. Kipimo tunachokitazama ni idadi ya atomi za haidrojeni kwa kila atomi ya kaboni: ikizidi 0.7, mkaa haustahili kuitwa bayocha.

Swali langu la utafiti linasikika dogo: nyuzi ngapi? Nachoma kwa 350, 450, 550 na 650, kila moja mara tatu. Kwenye 350 napata mkaa mwingi, na uso wake umejaa vikundi vya oksijeni vinavyoweza kushika virutubisho, lakini lami bado imo. Kwenye 650 mkaa unapungua, vitundu vinaongezeka, na majivu yanachukua nafasi kubwa zaidi, kwa sababu karibu moja ya tano ya pumba ni madini, hasa silika, ambayo haichomeki. Majivu hayo pia huufanya mkaa kuwa wa alikali. Hakuna nyuzi zinazoleta yote mema kwa pamoja.

Wiki ya tatu umeme ulikatika tanuru likiwa limefika nyuzi 480. Mtungi wa nitrojeni nao ukaisha usiku ule, hewa ikaingia mkaa ungali moto. Asubuhi nilipofunua kikombe nilikuta tabaka la jivu la kijivu juu, mkaa mweusi chini. Ningeweza kulikwangua lile jivu nikaendelea, maana kwa macho ungeonekana mkaa mzuri. Nilimwaga vyote, nikaandika kwenye daftari tarehe, nyuzi, na neno "hewa". Babu naye alishapoteza tanuri zima kwa ufa mmoja alipopitiwa na usingizi, na ananielewa kuliko mtu yeyote ninayemsimulia.

Kuchoma ndiko kwepesi. Kupima ndiko kunakula miezi. Eneo la uso hupimwa kwa kuuacha mkaa ufyonze gesi ya nitrojeni katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha kupiga hesabu kwa njia iliyobuniwa na Brunauer, Emmett na Teller mwaka 1938. Gramu moja ya mkaa mzuri inaweza kuwa na uso mpana kuliko uwanja wa mpira wa wavu, ambao una mita za mraba 162. Ila mashine hiyo iko mbali, na sampuli zangu husafiri na kungoja foleni. Wakati huo natumia rangi ya buluu ya methilini, ambayo ni rahisi kupatikana. Natia mkaa kwenye chupa yenye rangi, natikisa, nachuja, kisha nasoma kwa mwanga wa nanomita 664 ni kiasi gani cha rangi kimebaki. Mkaa uliofanya kazi yake huyaacha maji yakiwa karibu meupe. Vidole vyangu vimekuwa vya buluu tangu Januari.

Nyumbani Kisarawe, bibi alipanda maboga pale palipokuwa na matanuri ya zamani, na maboga yake yaliwashinda majirani wote. Huko Ejura, Ghana, watafiti waliupima udongo wa sehemu za namna hiyo, na matokeo yao ya mwaka 2004 yanaonyesha kwamba mahindi yaliyopandwa penye matanuri yalizaa nafaka zaidi kwa asilimia 91 kuliko ya shamba la kando. Kwenye bonde la Amazon kuna udongo mweusi ulioachwa na wenyeji wa kale waliochanganya mkaa, mifupa na taka za jikoni, na mpaka leo una rutuba.

Habari hizo huwafanya watu waniulize watapata wapi mkaa huu kesho. Najibu polepole. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta mavuno ya nchi za tropiki yakiongezeka kwa wastani wa asilimia 25, na ya nchi za baridi hayakuongezeka. Sababu mojawapo ni kwamba udongo wetu mwingi una asidi, na alikali ya mkaa huipunguza. Shamba ambalo tayari lina alikali linaweza kuharibiwa na mkaa huohuo. Tena mkaa mkavu uliotoka tanurini unaweza kuinyang'anya mimea nitrojeni mpaka majani yageuke manjano, hivyo heri uchanganywe kwanza na samadi na kuachwa wiki kadhaa. Halafu kuna uzito: tani 10 kwa hekta ni kilo moja kwa kila mita ya mraba, na kuzipata kunahitaji takriban tani 30 za pumba. Mkulima wa jembe la mkono afadhali autie kwenye mashimo ya kupandia tu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe na vichupa viwili, cha 350 na cha 550, bila maandishi juu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mkaa wenyewe vumbi? Huu nitaugongaje?"

Akamimina kidogo kutoka kila kichupa, kimoja kiganja cha kulia, kingine cha kushoto, akasugua kwa dole gumba. Akaniambia nimmwagie maji ya kopo, bila sabuni. Mkono wa kushoto ulitakata mara moja. Wa kulia ulibaki na utando mweusi wenye mafuta. Akaunusa, akaninyooshea.

"Huu haujaiva."

Kilikuwa kichupa cha 350. Majibu ya maabara kuhusu lami iliyobaki ndani yake yalifika baada ya siku kumi na tisa.