Chupa ya soda nyuma ya mlango

Ni Jumapili jioni hapo Loresho, stima zimepotea nawe unatafuta mshumaa. Kijana wako wa mwaka mmoja na nusu, ambaye homa na mafua yake yamekukosesha usingizi wiki nzima, ametulia ghafla. Utulivu wa mtoto wa umri huo si wa kuaminiwa! Unamkuta nyuma ya mlango wa jikoni akikohoa, chupa ya soda mkononi, kinywa kikinuka mafuta ya taa.

Jirani atakimbilia maziwa. Mwingine atasema umtie kidole kooni atapike. Wanakutakia mema, lakini wakatalie. Mafuta hayo ni mepesi mno, na hatari yake kubwa si tumboni bali mapafuni. Akitapika, yanapata nafasi nyingine ya kuingia huko na kumletea nimonia. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, ila huweza kumtapisha.

Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, umpeleke hospitali na ile chupa, hata kama ameanza kucheka. Huenda wakamweka saa 6 hivi wakiangalia anavyopumua.

Na chupa ilitoka wapi? Pengine bawabu alinunua mafuta ya stovu yake Kangemi, akapimiwa katika chombo alichokwenda nacho. Mnunulieni mtungi wenye kifuniko kigumu, ukae juu, kwenye kabati lenye kufuli. Mtoto anachojua ni kwamba jana chupa kama ile ilikuwa na soda.