Kitupwacho Hurudi Nyumbani



Nataka kuwaeleza jambo lililotukia nyumbani mwangu hapa Bagamoyo, wala silielezi kwa kujisifu, maana kosa lilikuwa langu. Mwaka mmoja wakati wa masika mkaa wetu ulilowa, na jiko likawa gumu kushika moto. Nilikuwa nimeona watu wakitia kipande cha plastiki chini ya mkaa, na moto ukawaka mara moja. Nami nikawafundisha watu wa nyumbani kufanya vivyo hivyo. Kila alfajiri tulikoka moto kwa namna hiyo, na mlango umefungwa kwa sababu ya mvua.

Baada ya majuma machache mtoto wetu wa mwisho akaanza kukohoa usiku, na kifua chake kikilia kama filimbi. Tulimpa dawa ya kikohozi, asipone. Tukampeleka zahanati. Mganga alimpima, kisha hakuuliza habari za dawa, bali aliniuliza, "Je, mwalimu, jiko lenu mwalikoka kwa kitu gani?" Nikanyamaza, nikaona haya. Tukaacha plastiki siku ile ile, na jiko tukalihamishia nje upenuni. Kikohozi kikapungua kidogo kidogo, hata mtoto akalala usiku kucha. Wazee walisema kweli, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Tangu siku hiyo nilijifunza habari za moshi huo, nami nawapa kwa ufupi. Plastiki hufanywa kwa mafuta na gesi zichimbwazo katika ardhi. Ikichomwa katika moto mdogo, kama wa jiko au wa jalala, haiungui yote; hutoa masizi membamba yaingiayo ndani kabisa ya mapafu. Tena ziko plastiki zenye klorini, kama zile za mabomba na za kufunika nyaya za umeme. Hizo zikichomwa hutoa sumu iitwayo dioksini. Sumu hii haipotei upesi. Hutua juu ya majani na udongo, kuku na ng'ombe wakaila, ikakaa katika mafuta ya miili yao, nasi tukaipata katika mayai, maziwa na nyama. Huweza kuleta saratani, tena hudhuru mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Mataifa yalipofanya mapatano katika mji wa Stockholm mwaka 2001, dioksini ilikuwamo katika sumu 12 za kwanza walizoazimia kuzikomesha au kuzipunguza.

Labda mtu atasema, "Mimi sichomi, natupa tu." Lakini hutupa wapi? Mto Msimbazi hupita katikati ya Dar es Salaam na kumwaga maji yake baharini. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Basi kilichotupwa mtoni huko mjini chaweza kupita Kunduchi na kutufikia huku. Nasi tukitupa ufukweni, tunawapelekea jirani zetu wa Saadani na Pangani. Jua na mawimbi huivunja plastiki ikawa vipande vidogo sana, na samaki huvimeza. Hakuna mahali paitwapo "mbali" kwa takataka.

Sasa tuwakumbuke bibi zetu, maana nyumba zao hazikuwa na jalala kubwa. Utazameni mnazi mmoja tu. Tui lilikamuliwa kwa kifumbu, na chicha wakapewa kuku. Kifuu kilikuwa upawa au kata ya maji, na kikipasuka kilikuwa kuni. Makumbi yalifukiwa katika matope ya ufukoni, kisha yakapondwa, na usumba wake ukasokotwa kamba. Makuti yaliezeka nyumba, chelewa zikawa fagio, na pakacha likabeba samaki na matunda. Kila kitu kilipokwisha kazi yake kilirudi udongoni bila kumdhuru mtu. Tulipopata mifuko ya plastiki tulisahau methali ile isemayo, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Na kweli msala ulipita. Rwanda iliikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Tanzania Bara ikaikataza tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia. Siku zile wengi walilia, "Tutabebea nini?" Jibu lilikuwa limetundikwa ukutani, nalo ni kikapu cha ukili. Lakini sheria haikuondoa chupa za maji wala vifungashio vyote, na kazi iliyobaki ni yetu wenye nyumba. Yafaa tufanye hivi:

Kwanza, tukoke moto kwa makumbi makavu na vifuu, kamwe si kwa plastiki. Na jiko likae penye upepo.

Pili, maganda, majani na mabaki ya chakula tuyatie shimoni na kuyafunika kwa udongo. Baada ya miezi michache huwa mbolea nzuri. Mchanga wetu wa pwani hauwezi kushika maji, lakini ukitiwa mbolea hiyo mchicha hustawi.

Tatu, chakula cha moto tusikitie katika mfuko wa plastiki, maana joto huziamsha dawa zilizomo zikaingia chakulani. Jani la mgomba na bakuli vyatosha.

Nne, mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu visiwekwe katika chupa za soda wala za maji. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma hatari. Akinywa mafuta ya taa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi. Na chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu isitumiwe tena kwa maji wala chakula, hata ikioshwa mara kumi.

Tano, na hili ni letu walimu. Wengine wetu tuliwaamuru watoto wapasue betri kuukuu, ili unga wake mweusi upakwe ubaoni. Unga huo una manganizi, na mtu akivuta vumbi lake kwa muda mrefu hudhurika ubongo. Tena betri nyingine zilitiwa zebaki. Tuache desturi hiyo. Mkaa uliosagwa pamoja na majani mabichi hufanya kazi ile ile.

Sita, chupa za plastiki zisizoepukika zioshwe na kuwekwa pamoja, wauziwe wale wanunuao kwa kilo.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, yahitaji moyo wa kuangalia. Leo jioni, kabla hamjafunga mlango, ondoeni jivu la jiko lenu mkatazame kilichoungua humo. Mkiona plastiki, ulizeni ni nani alalaye karibu na moshi ule.