Kuzuia ulevi katika kila umri: tangu tumboni hadi uzeeni



Katika toleo hili tunazungumzia pombe, bangi na vileo vingine. Wengi wetu tukisikia maneno haya humfikiria kijana anayeyumba njiani jioni, au baba aliyeuza mahindi ya mgao ili apate ya kunywa. Hao ndio tunaowaona kwa macho. Lakini ulevi hauanzi siku mtu anapoyumba. Huanza kidogo kidogo, na katika kila umri huingia kwa njia yake. Kwa mtoto mchanga huingia kupitia mama yake, kwa mtoto mdogo kupitia chupa iliyosahauliwa, kwa kijana kupitia marafiki, kwa mtu mzima kupitia mawazo na kukosa usingizi, kwa mzee kupitia upweke. Kwa hiyo kinga nayo hubadilika kufuatana na umri. Tunaomba kila mzazi, mwalimu na kiongozi asome sehemu inayomhusu, kisha amsomee na jirani asiyejua kusoma.

VILEO TUNAVYOVIFAHAMU

Katika makazi ya wakimbizi ya magharibi na kusini-magharibi mwa Uganda, kama Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja, watu wametoka nchi mbalimbali na kila mmoja amekuja na jina lake la pombe. Wakongomani husema kanyanga au lutuku, wenyeji wa Uganda husema waragi. Ni pombe kali ya kuchemsha, na mvuke wake hupozwa ukawa kama maji. Kuna pia kasiksi ya ndizi na pombe ya mtama. Zaidi ya pombe kuna tumbaku, bangi, mairungi, gundi na petroli ya kunusa, pamoja na vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila kuandikiwa na daktari.

Watu wengi hudhani glasi ndogo ni kitu kidogo. Tufanye hesabu. Bia ya kawaida ina kilevi karibu 5 kwa mia. Pombe kali mara nyingi ina karibu 40 kwa mia. Maana yake ni kwamba glasi ndogo ya mililita 60 ya pombe kali ina kilevi karibu sawa na bia nzima ya nusu lita. Anayekunywa glasi nne ndogo kwa nusu saa ni kama amekunywa bia nne kwa nusu saa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa duniani kwa sababu ya pombe.

MAMA MJAMZITO NA ANAYENYONYESHA

Mama akinywa, mtoto tumboni anakunywa naye. Pombe hupita kwenye damu ya mama hadi kwa mtoto, na ini la mtoto bado halijakomaa kuiondoa. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, akiwa na uzito mdogo, au ubongo wake ukaharibika. Baadaye atachelewa kusema, atashindwa kutulia, na shuleni atashindwa kufuata masomo. Uharibifu huo hauna dawa, lakini unazuilika kabisa mama asipokunywa.

Wapo wanaosema kwamba pombe ya mtama huongeza maziwa. Si kweli. Pombe huingia ndani ya maziwa na hupunguza kutoka kwake. Kinachosaidia maziwa ni kunyonyesha mara nyingi, kunywa maji na kula vizuri.

Kinga hapa si kazi ya mama peke yake. Baba, ukijua mke wako ni mjamzito, usimletee pombe nyumbani. Na mama ambaye alikunywa kabla ya kujua kuwa ana mimba asikate tamaa, wala asiogope kumwambia mkunga. Kuacha leo kunamsaidia mtoto kuanzia leo.

MTOTO WA CHINI YA MIAKA MITANO

Kanyanga inafanana na maji, na mara nyingi huwekwa katika chupa za maji au za soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Kiasi kidogo tu kinaweza kushusha sukari katika damu yake, akapoteza fahamu au akapata degedege.

• Usiweke pombe, petroli wala mafuta ya taa katika chupa ya kinywaji.
• Weka pombe juu, mahali ambapo mtoto hafiki.
• Usimpe mtoto pombe ili alale au ili minyoo ife. Pombe haiui minyoo. Dawa ya minyoo hutolewa bure kituoni.
• Mahali pa kupikia pombe pawe mbali na watoto. Pipa linalochemka limewaunguza wengi.

Mtoto akishakunywa pombe, usimtapishe. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari au uji mtamu kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya. Akiwa amelegea au amezimia, usimpe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mpeleke upesi. Petroli na mafuta ya taa navyo usimtapishe, kwa sababu vinaweza kuingia kwenye mapafu.

MTOTO WA SHULE

Kati ya miaka 6 na 12 mtoto hujifunza kwa kuangalia. Mtoto anayetumwa kila jioni kununua pombe ya baba hujua bei yake, hujua njia ya kwenda kwa muuzaji, na siku moja ataonja akiwa njiani. Mzazi, kama huwezi kuacha leo, angalau usimtume mtoto. Nenda mwenyewe.

Zungumza na mtoto mapema, kwa maneno mafupi. Usimtishe kwa uongo, maana akigundua umemdanganya hatakuamini tena. Mwambie: "Pombe ni mbaya kwa mwili unaokua. Mtu akikulazimisha, kimbia uje uniambie, sitakupiga." Neno hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi. Mtoto anayeogopa fimbo huficha.

Sheria ya Uganda inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 21. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe ya pakiti ndogo za plastiki, kwa sababu ilikuwa rahisi kununuliwa na watoto na kufichwa mfukoni. Mkiona duka linawauzia watoto, mwambieni mwenyekiti wa kijiji.

KIJANA

Ubongo wa mtu huendelea kujengeka hadi karibu miaka 25. Sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Ndiyo maana kijana akianza pombe au bangi mapema ni rahisi zaidi kunaswa kuliko mtu mzima. Kwa vijana wengine bangi huleta kusikia sauti na kuogopa watu, na familia hudhani amerogwa. Kunusa gundi au petroli kunaweza kusimamisha moyo ghafla, hata mara ya kwanza.

Tuseme ukweli: kijana wa kambini aliyemaliza shule na hana kazi ana siku ndefu. Kumwambia "acha" bila kumpa kitu cha kufanya hakutoshi. Mpira, kwaya, kikundi cha kushona au cha kulima, mafunzo ya ufundi, yote haya ni kinga kama chanjo ilivyo kinga. Wazee wa kanisa na wa msikiti, tunawaomba msimfukuze kijana anayenuka pombe. Mkimfukuza, mahali pekee patakapompokea ni kwa muuzaji.

MTU MZIMA

Watu wengi hutuambia: "Nakunywa ili nilale, nisione yale niliyoyaona." Tunaelewa. Waliopita katika vita wamebeba mambo mazito. Lakini pombe hudanganya. Huleta usingizi haraka, kisha usiku wa manane humwamsha mtu, moyo ukipiga, na ndoto mbaya zinarudi. Kesho yake anahitaji glasi moja zaidi. Kwa huzuni na ndoto za vita kuna msaada wa mazungumzo na, ikihitajika, dawa. Muulize mhudumu kituoni kuhusu huduma ya afya ya akili. Kwenda huko si kuwa mwendawazimu.

Anayetumia dawa za kifua kikuu akichanganya na pombe anaweza kuumiza ini. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI akilewa husahau dozi, na virusi hupata nguvu.

Jiulize maswali haya ukiwa peke yako:

1. Je, nimewahi kujaribu kupunguza nikashindwa?
2. Je, nakunywa asubuhi ili mikono isitetemeke?
3. Je, fedha ya chakula au ya daftari la mtoto imewahi kuishia kwenye pombe?
4. Je, nimempiga mtu au nimeumia nikiwa nimelewa?

Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, njoo tuzungumze. Tunatunza siri.

MZEE

Kadiri mtu anavyozeeka maji hupungua mwilini, na pombe ile ile humlewesha zaidi kuliko zamani. Huanguka na kuvunjika nyonga. Pombe hugombana na dawa za shinikizo la damu, za kisukari na za usingizi. Wazee wengi hunywa kwa sababu wenzao wamekufa au watoto wamebaki upande ule mwingine. Anayemtembelea mzee jioni na kuketi naye kidogo amemkinga kuliko anayemkemea.

HATARI MBILI ZA KUJUA

Ya kwanza ni kuacha ghafla. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asifungiwe ndani ili aache kwa nguvu. Familia hufanya hivyo kwa upendo, lakini inaweza kumwua. Kuanzia saa chache hadi siku mbili baada ya glasi ya mwisho anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka, kuwa na homa na kuona vitu visivyokuwepo. Huyo si wa kufungwa kamba. Ni mgonjwa wa dharura. Kituoni kuna namna ya kumsaidia kuacha kwa usalama, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1, na akizidiwa hupelekwa hospitali kubwa.

Ya pili ni pombe yenye sumu. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wasiopungua 80 walikufa kwa muda wa wiki chache baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli, spiriti ya viwandani. Sumu hiyo haijulikani kwa harufu, wala kwa ladha, wala kwa kuiwasha moto. Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka, na macho kuona ukungu. Ukiona hivyo usiseme ni uchovu wa pombe ya jana. Nenda kituoni usiku huo huo, na uwaambie wote mliokunywa pamoja waje, hata wasiosikia kitu.

KWA MAMA ANAYEPIKA POMBE

Hatukusahau. Mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa nne mwaka 2020, na baada ya hapo ukapunguzwa tena. Tunajua kwamba katika nyumba nyingine pombe ndiyo inayonunua sabuni, chumvi na sare ya shule. Hatuwezi kukuambia "acha" kisha tuondoke. Tunakuomba mambo manne tangu leo: usimuuzie mtoto wala mama mjamzito, usiongeze kitu chochote ili ikolee, usimpe aliyekwisha kulewa, na funga mapema ili watu wafike nyumbani salama. Halafu ingia katika kikundi cha kuweka na kukopa cha kijiji chako, ambako akina mama hukopa mtaji wa mandazi, wa mboga au wa nguo. Mara nyingi anayepika huanza kuionja ili ajue kama imeiva, na mwisho huwa mteja wa kwanza wa pombe yake. Kinga hii ni yako pia.

KUMBUKA

• Hakuna umri ambao ni mapema mno kukinga, wala ambao umechelewa mno kuacha.
• Mlevi ni mgonjwa anayeweza kupona. Akirudia kunywa, hajashindwa. Aanze tena.
• Huduma kituoni ni bure na ni ya siri.

Kwa maelezo zaidi muone mhudumu wa afya wa kijiji chako, yule tunayemwita VHT, au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.