Majina ya Magofu ya Kilwa Kisiwani: Yanachosema na Yanachoficha

Kilwa Kisiwani, makao makuu ya usultani uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Uhifadhi umeshughulikia zaidi mawe. Majina ya magofu, ambayo ndiyo humfikia mgeni kwanza, yamebaki bila maelezo ya kutosha.

Husuni Kubwa ni mfano ulio wazi. Husuni, neno lenye asili ya Kiarabu, ni ngome. Jengo lenyewe lilikuwa kasri lenye nyua, maghala na bwawa la pembenane, lililojengwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Jina linaashiria vita mahali palipokuwa pa anasa na biashara.

Gereza ni tata zaidi. Neno hili huhusishwa na Kireno, igreja, yaani kanisa. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505. Jengo linaloonekana leo ni la Waomani, la takriban mwaka 1800. Msikilizaji wa sasa husikia jela tu. Makutani, kwa bahati njema, halihitaji mfasiri: ni mahali penye kuta.

Kibao kinachoandika “ngome” na kuishia hapo humfundisha mgeni historia isiyokuwapo. Hata hivyo, kuyabadilisha majina kungekuwa hasara kubwa zaidi, kwani yanahifadhi namna wakazi wa baadaye walivyoyaelewa magofu hayo. Kibao kieleze jengo, kisha kieleze na jina.