Maneno ya Kununua kwa Kikantoni

Leo twajifunza Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, mji wa China ambako wafanyabiashara wetu wengi huenda kununua bidhaa. Shikeni kalamu.

“Gei do chin?” maana yake “Bei gani?” Ikiwa ghali sema, “Peng di la,” yaani “Punguza kidogo.”

Sikilizeni sana hapa. “Mai” kwa sauti inayopanda ni kununua. “Mai” kwa sauti ya chini isiyopanda ni kuuza. Ukikosea sauti, umegeuka muuzaji! Kwa maandishi ya Guangzhou hakuna shaka: alama ya kuuza ni ile ile ya kununua, ila ina msalaba mdogo kichwani.

Neno la hatari ni “deng-gam”, fedha ya kutanguliza. Ziko mbili, na kwa sikio hufanana. Alama ya kwanza tu ndiyo tofauti. Moja ni rehani ya mapatano. Kwa sheria iliyoanza mwaka 2021, mnunuzi akivunja mapatano huipoteza. Muuzaji akivunja hurudisha mara mbili. Ukitoa yuani 2,000, wamdai 4,000. Lakini haizidi asilimia 20 ya bei. Ya pili ni malipo ya awali tu: biashara ikivunjika, warudishiwa kiasi kile kile ulichotoa.

Basi kabla ya kulipa, neno hilo liandikwe katika “hap-tung”, ndio mkataba, na msomaji wa Kichina unayemwamini akuonyeshe ni alama ipi. Tazama pia mhuri mwekundu wa kampuni.

Sasa semeni nami: “Gei do chin?”