PUNJE ZA NGANO NA HESABU YA AL-BIRUNI



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwanahistoria Ibn Khallikan alisimulia kisa cha mfalme wa Bara Hindi aliyetaka kumtuza mtu aliyebuni sataranji. (Hukumu ya mchezo wenyewe tunawaachia walimu wa fiqhi, hapa tunatazama hesabu yake tu.)

Mtu yule aliomba ngano: punje 1 katika chumba cha kwanza cha ubao, 2 katika cha pili, 4 katika cha tatu, na kila chumba kipate mara mbili ya kilichotangulia mpaka vyumba vyote 64 viishe. Mfalme akaliona ombi hilo ni dogo mno. Hesabu ilipopigwa, ngano hiyo haikupatikana.

Jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Ukihesabu punje moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya bilioni 580!

Mwanachuoni al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, aliitaja namba hii katika kitabu chake al-Athar al-Baqiya, karibu na mwaka 1000. Hakuwa na mashine, bali alikuwa na kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza: jumla ya vyumba vilivyotangulia ni pungufu kwa 1 kuliko chumba kinachofuata. Tazama: 1+2+4=7, na chumba cha nne kina 8. Kwa hiyo tutafute chumba cha 65, kama kingekuwapo, kisha tutoe 1.

Kanuni ya pili: ukizidisha idadi ya chumba kwa yenyewe unaruka vyumba vingi kwa mara moja. Anza na 2 ya chumba cha pili. 2×2=4, chumba cha 3. 4×4=16, chumba cha 5. 16×16=256, chumba cha 9. 256×256=65,536, chumba cha 17. Zidisha tena mara mbili kwa namna hiyo, utafika chumba cha 65. Kuzidisha mara 6 tu!

Namba hii ni witiri, na inapatikana kwa kuzidisha namba tasa 7: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Jumlisheni tarakimu zake zote 20, mtapata 87. Kwa kuwa 87 inagawanyika kwa 3, namba nzima pia inagawanyika kwa 3.

Faida ya somo hili ni nini? Maradufu huanza kidogo, ndipo humhadaa mtu. Deni la shilingi 1,000 likijirudufu kila mwaka, mwaka wa kwanza ni 2,000 tu. Baada ya miaka 10 ni shilingi 1,024,000. Nyumba huuzwa kwa deni la namna hiyo. Katika Surat Aal Imran, aya ya 130, waumini wamekatazwa kula riba inayozidishwa maradufu. Anayejua hesabu huuona mwisho wa deni kabla hajatia saini.

Basi wanafunzi, msiidharau hesabu. Wabillahi tawfiq.