Alama Hizi ni za Nani? Kupitia Jozi za Data katika Lugha ya Java

Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi 40 hutunza daftari la safu mbili: namba ya mwanafunzi na alama zake. Akitaka alama za mwanafunzi fulani, huitafuta kwanza namba yake. Namba hiyo ndiyo ufunguo, na alama ndizo thamani. Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ina daftari la namna hiyo. Katika makala haya tutaliita mkusanyo wa jozi.

Kuipata thamani ya ufunguo mmoja ni kazi nyepesi. Lakini mwalimu akitaka kuchapa alama za darasa zima, programu haina budi kuzipitia jozi zote, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo swali linapozuka: ifuate mpangilio gani? Anayedhani kwamba kompyuta itafuata mpangilio alio nao yeye kichwani anaweza kumpa mtoto mmoja alama za mwenzake.

Masanduku 16

Mkusanyo unaotumiwa sana huitwa HashMap, nao uliingizwa katika Java mwaka 1998. Tunaweza kuufananisha na masanduku ya barua ya posta. Mwanzoni huwa na masanduku 16, yenye namba 0 hadi 15. Ufunguo ukiwa namba nzima ndogo, sanduku lake ni lile baki linalopatikana namba hiyo ikigawanywa kwa 16.

Hebu tuwaingize wanafunzi watatu kwa utaratibu huu: 35, 17, 2. Namba 35 huacha baki 3. 17 huacha baki 1. Na 2 huacha baki 2. Programu ikiyapitia masanduku kuanzia 0, itachapa 17, 2, 35. Huo si utaratibu tuliouingiza, wala si wa ukubwa wa namba.

Isitoshe, jozi zikizidi 12, yaani robo tatu ya masanduku, masanduku huongezwa kuwa 32 na kila jozi hupangiwa mahali upya. Sasa tunagawanya kwa 32, na wanafunzi wetu watatu watafuatana hivi: 2, 35, 17. Hakuna aliyewagusa, lakini wamehama.

Mtego umejificha katika jaribio la kwanza. Namba zikiwa 1 hadi 40 bila pengo, masanduku yatakuwa 64, kila namba itapata sanduku lake, na orodha itatoka imepangika vizuri. Mwandishi wa programu ataridhika. Mwaka unaofuata zikija namba zinazorukaruka, kama 105 na 231, ya pili itatangulia ya kwanza. Ikiwa majina yalichapwa kutoka orodha nyingine na kuwekwa sambamba na alama, kila kitu kitaharibika, na kompyuta haitatoa onyo lolote.

Njia iliyo salama

Kanuni ya kwanza ni kutotenganisha ufunguo na thamani yake. Java huturuhusu kuichukua jozi nzima kwa pamoja:

for (Map.Entry<Integer, Integer> jozi : alama.entrySet())
    System.out.println(jozi.getKey() + " " + jozi.getValue());

Wako wanaopitia funguo peke yake, kisha wakaitafuta thamani ya kila ufunguo. Jibu litakuwa sahihi, lakini kompyuta inatafuta tena kitu ambacho tayari ilikuwa imekifikia.

Kanuni ya pili ni kuchagua mkusanyo unaolingana na haja. LinkedHashMap, ulioletwa mwaka 2002, hukumbuka utaratibu wa kuingiza, ingawa kwa kutumia nafasi zaidi ya kumbukumbu. TreeMap hupanga funguo kwa ukubwa katika umbo la mti. Kwa funguo 1,000, utafutaji mmoja hushuka ngazi zisizozidi 20. HashMap hufaa pale ambapo mpangilio hauna maana.

Kanuni ya tatu: usiondoe jozi kiholela wakati kitanzi kingali kikizunguka. Mara nyingi Java itaisimamisha programu kwa kutangaza kosa, lakini haiahidi kulikamata kila mara. Tumia amri ya kuondoa iliyo katika kipitishi chenyewe, au removeIf, iliyopatikana tangu mwaka 2014.

Zoezi

Mwanafunzi achukue kalamu na karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Katika HashMap mpya aingize 21, 48 na 5 kwa utaratibu huo. Namba mbili zitakutana katika sanduku moja; iliyochelewa husimama nyuma ya iliyotangulia. Je, zitachapwa kwa utaratibu gani? Akishapata jibu, na aendeshe programu alihakiki. Anayeweza kueleza kwa nini orodha imetoka hivyo hatazichanganya alama za watu.